Mkojo wa Mtoto Mnaupima, Mama Yake Mnamtukana

Mwaka 1986 Zanzibar ilifungua mafaili mawili. Moja la ukimwi, kwa sababu wagonjwa wa mwanzo waligunduliwa visiwani mwaka huo. La pili la kichocho, na hilo lilifunguliwa Pemba, pale Wizara ya Afya na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, akiwemo daktari wa Kiitaliano Lorenzo Savioli, walipoanza kupima mkojo wa watoto wa skuli na kukuta zaidi ya nusu yao wameambukizwa. Tokea hapo kila faili limepata meza yake, mfadhili wake, gari lake na semina zake. Mimi nasema mafaili yale yalikuwa ya mtu mmoja. Ni ya mwanamke wa Kipemba, na kule kumgawa vipande viwili ndiko kunakomuumiza hadi leo.

Niseme waziwazi, sote hapa ni watu wazima. Kichocho si maradhi ya kibofu cha mtoto wa kiume peke yake. Minyoo ya kichocho ikikomaa hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu na viungo vya uzazi, na jike hutaga mayai kila siku, mwaka hadi mwaka. Yanayopata njia hutoka na mkojo. Mengine hukwama. Kwa mwanamke hukwama kwenye uke, kwenye shingo ya kizazi, kwenye mirija ya uzazi. Mwili huyapiga vita yale mayai, na uwanja wa vita hiyo ni pale pale: vidonda, mabaka yenye chembechembe za manjano, vijishipa vinavyovuja damu kwa kuguswa tu. Ute hubadilika. Tendo la ndoa huuma na kuacha damu. Wako wasioshika mimba tena. Wako ambao mimba hutunga nje ya kizazi, na wako ambao hutoka kabla ya wakati. Shirika la Umoja wa Mataifa la ukimwi (UNAIDS) na Shirika la Afya Duniani walitoa makisio mwaka 2019: wanawake na wasichana hadi milioni 56 Afrika kusini mwa Sahara wana hali hii. Milioni hamsini na sita, na bado ukitaja kichocho barazani mtu anamfikiria kijana wa darasa la nne anayekojoa damu.

Sasa faili la ukimwi. Kidonda ndani ya uke ni mlango wazi. Penye kidonda hukusanyika chembe za kinga, na chembe hizo hasa ndizo virusi vya ukimwi (VVU) vinazozitafuta. Utafiti uliofanyika vijijini Zimbabwe, ukiongozwa na daktari wa Norwei Eyrun Kjetland na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba wenye vidonda vya kichocho ukeni walikuwa na VVU karibu mara tatu kuliko wenzao. Tafiti zilizofuata hazikusema kwa sauti moja. Nyingine ziliuona uhusiano huo, nyingine hazikuuona. Najua wapo watakaonirukia kwa hilo. Na wanirukie. Mwanamke anayetokwa na damu kila akilala na mumewe hana haja ya kusubiri wasomi wamalize ubishi wao ndipo apewe dawa ya kichocho. Kichocho chenyewe ni sababu tosha.

Mfuateni mwanamke huyo muone anavyozungushwa. Maumivu yakimuanza humwambia somo yake au mama mkwe, naye humwambia ni chango. Atachemshiwa mizizi. Chango lisipokoma, na ndoa ikaanza kuwa ngumu usiku, atapelekwa kwa mganga, na huko kuna jawabu lililotayarishwa zamani: ana jini mahaba asiyetaka mume amguse. Pesa ya karafuu itakwenda kwenye ubani na kuku. Akichoka atakwenda kituo cha afya, aeleze kwa sauti ya chini kuhusu ute, maumivu na damu. Mhudumu ana mwongozo wa kutibu kwa dalili, na mwongozo huo ukisikia ute na maumivu husema maradhi ya zinaa: kisonono, klamidia, trikomona. Atapewa antibayotiki na ataambiwa amlete mumewe naye atibiwe.

Hebu simameni hapo kwenye hilo la kumleta mume. Mwanamke ambaye hajatoka nje ya ndoa yake anarudi nyumbani na karatasi inayosema, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa, kwamba mmoja wenu ni mzinifu. Mume anajijua au hajijui, lakini kijijini mashaka hayamuangukii mume. Akiwa mtu wa dago aliyekaa miezi Mombasa au Tanga akivua, atasema, "Mimi nilikuwa baharini natafuta, wewe ulikuwa unafanya nini hapa?" Talaka ngapi zimeandikwa Pemba kwa sababu ya yai la mnyoo? Hakuna anayehesabu talaka za namna hiyo. Na dawa zenyewe hazimponyi, kwa sababu antibayotiki haiui mnyoo wa kichocho. Anarudi kituoni na malalamiko yaleyale, anapewa vidonge vilevile, na sasa anatazamwa kama mtu asiyetaka kuacha tabia yake.

Muuguzi simlaumu sana. Hakufundishwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu cha picha mwaka 2015, cha kutia mfukoni, kuwaonyesha wahudumu vidonda vya kichocho vinavyoonekana kwenye shingo ya kizazi, kwa sababu lilijua kuwa madaktari na wakunga wengi wa Afrika wamemaliza masomo bila kuonyeshwa hata picha moja. Imeshapita miaka kumi. Nauliza kwa adabu zote: vituo vingapi vya Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani vina kijitabu hicho mezani? Lakini wakubwa wa afya nawalaumu, maana kisiwa hiki hakiwezi kujitetea kwa kutojua.

Kisiwa gani duniani kinakijua kichocho kuliko Pemba? Pale Wawi tuna maabara nzima, ile ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Mtaliano aliyeitumia elimu yake kwa minyoo. Kuanzia mwaka 2012 visiwa vyetu vilikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa kujaribu kukomesha maambukizi kabisa: dawa mara mbili kwa mwaka, sumu ya kuua konokono wanaoeneza kichocho mitoni, mafunzo maskulini. Kisha mwaka 2020 wakaja watafiti wa Uswisi na mradi mwingine kaskazini mwa kisiwa, wa kuwinda mabaki ya maambukizi mtaa kwa mtaa. Kazi nzuri, siikejeli. Maambukizi kwa watoto yameporomoka na karatasi za kitaalamu zimejaa jina la Pemba. Konokono wetu wamehesabiwa kwenye kila kijito. Mkojo wa watoto wetu umechujwa na kutazamwa kwa hadubini kwa karibu miaka arobaini. Ila anayefua kwenye kijito hicho, anayeinama bondeni kupanda mpunga maji yakimfika magotini, anayemuogesha mtoto hapo mfereji wa kijiji usipotoa maji, huyo ni nani? Ni mama yao. Yeye aulizwe na nani?

Mtaniambia: kichocho kimeshashuka, ya nini makelele? Jawabu lake ni hesabu ambayo haihitaji utafiti mpya. Msichana aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1986, siku mkojo wake ulipokutwa na mayai, leo anakaribia au ameshafika hamsini. Mdogo wake aliyechezea maji hayohayo miaka ya tisini yumo katika umri wa kuzaa sasa hivi. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, inaua minyoo. Haiyaondoi mayai yaliyokwisha kuzikwa kwenye nyama, wala haitoi hakika kwamba kovu na baka lililokwisha kujijenga litafutika. Ndiyo maana wataalamu wanahimiza mtoto wa kike atibiwe mapema, kabla vidonda havijakita. Kwa hiyo grafu inayoshuka kwenye ukuta wa ofisi inawahusu watoto wa leo. Wanawake waliokuwa watoto wakati grafu ile iko juu hawajashuka nayo. Wapo kwenye foleni za kliniki, wamebeba ndani ya miili yao kichocho cha miaka ile, na mkojo wao ukipimwa leo unaweza kutoka safi kabisa, kwa sababu yai lililokwama kwenye shingo ya kizazi halilazimiki kupita kwenye chupa ya mkojo. Kutumia kipimo cha mtoto kumpima mama yake na kisha kumwambia "huna kitu" ni kumdanganya.

Mjamzito ndiye anayenitia hasira zaidi.

Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi za Afrika, kampeni ya kugawa dawa ya kichocho ikipita, mwenye mimba huwekwa kando. Anayenyonyesha naye huwekwa kando. Sasa chukua mwanamke wa shamba: anaolewa mdogo, anabeba mimba, ananyonyesha miaka miwili, anabeba nyingine. Ni lini atakuwa mtu wa kupewa dawa? Kampeni zitapita mlangoni kwake muongo mzima, na kila moja imkute ana mimba au ana mtoto titini. Na hili lilifanyika wakati Shirika la Afya Duniani lilikwisha kushauri tokea mwaka 2002 kwamba wajawazito na wanaonyonyesha watibiwe. Majaribio ya kitabibu yakafanywa, moja hapa jirani, Entebbe, Uganda, jengine Ufilipino, na hayakuona madhara kwa mama wala kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka 2022 Shirika likaandika mwongozo mpya bila kumung'unya: katika maeneo yenye kichocho wapewe watu wote kuanzia miaka miwili, wakiwemo wanaonyonyesha, na wajawazito baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Mama wa kilo sitini anahitaji vidonge vinne. Vinne, kwa siku moja, basi.  Madini ya chuma anameza kila siku hadi ajifungue. Vidonge vinne vimetushinda?

Sehemu ya sababu ni ya kifedha na haifichiki. Dawa hizi kwa wingi hutolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani kupitia Shirika la Afya Duniani, mpango ulioanza mwaka 2007, na ulianza kwa ajili ya watoto wa umri wa skuli. Msaada ukamchagua mtoto. Nasi tukaufanya msaada kuwa sera, tukaacha kufikiri. Mfadhili alisema watoto, na kliniki ya mama na mtoto ikabakia na mtoto peke yake.

Nao watu wa ukimwi wana kiburi chao. Zanzibar ina kiwango cha VVU chini ya asilimia 1, wakati Tanzania nzima utafiti wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 kwa watu wazima. Takwimu hiyo tumeigeuza cheti cha uchamungu. Huku Pemba hasa tunapenda kuamini kwamba ukimwi ni wa ng'ambo: wa bara, wa mahoteli ya Unguja, wa watu wa aina fulani ambao si sisi. Fedha na semina zimeelekezwa kwa makundi yenye hatari kubwa, na ni sawa zielekezwe huko. Lakini mke wa ndoa, aliyetulia kwake, mwenye kidonda asichokijua na mume anayerudi kutoka dago baada ya miezi, yeye yumo katika kundi gani? Hayumo popote. Si "kundi maalumu" wala si mtoto wa skuli. Hatari yake haina jina kwenye fomu yoyote.

Na msiniambie kliniki haziwezi. Mahali ambapo pameonyesha kuwa panaweza ni hapohapo kliniki ya wajawazito. Mama mwenye VVU asipopata huduma, uwezekano wa mtoto kuambukizwa tumboni, wakati wa kujifungua au kwa maziwa ni baina ya asilimia 15 na 45. Akipimwa mapema na kuanzishiwa dawa, unashuka chini ya 5. Kazi hiyo hawakuifanya maprofesa. Waliifanya wakunga na wauguzi wa kawaida waliofundishwa kupima kwa tone la damu, kutoa ushauri, kuweka siri na kumfuata mama asipotokea. Kumbe muuguzi huyohuyo angeongeza maswali machache tu: ulikulia wapi, mlikuwa mkioga na kufua wapi, unatoka damu baada ya tendo la ndoa, uliwahi kukojoa damu udogoni? Maswali hayo hayahitaji umeme wala maabara.

Kuna na chumba kingine ambamo fursa inapotea. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani ya shingo ya kizazi mara sita kuliko asiyekuwa nayo, na Shirika la Afya Duniani linataka aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25, mapema kuliko wengine. Uchunguzi wa bei nafuu unaotumika kwetu ni ule wa kupaka siki: mhudumu anafungua, anapaka, anatazama. Anatazama pale pale ambapo mabaka ya kichocho hukaa! Mama ameshavumilia aibu ya kulala kitandani, ameshafunguliwa, taa imewashwa, na aliyeinama mbele yake hakufundishwa kuijua nusu ya anachokiona. Au anakiona na kudhani ni saratani, akampa rufaa ya kuvuka bahari. Wapemba wanajua maana ya rufaa hiyo: boti, nauli ya watu wawili, pa kulala Unguja, na matibabu ya mionzi kwa miaka mingi yamekuwa ya kufuatwa Ocean Road, Dar es Salaam. Familia huuza mkarafuu kwa safari kama hiyo.

Nigusie na wasichana, ingawa jambo hili linawakera wazee. Vidonda hivi havisubiri harusi. Mtoto wa kike anaweza kuwa navyo kabla hajamjua mwanamume. Sasa mama yake akiona damu au ute kwenye nguo, kitu gani kinamjia kichwani? Hii ni nchi ambayo sheria yake ya mwaka 1985 ilimpeleka jela msichana asiyeolewa akipata mimba, na tukasubiri hadi 2005 ndipo kifungo kikabadilishwa kuwa kazi za jamii. Sheria ikibadilika, jicho la jirani halibadiliki siku hiyo hiyo. Msichana huyo atafichwa ndani, au atapigwa, au ataozwa harakaharaka kabla "mambo hayajatoka". Na matibabu yake yalikuwa mepesi kuliko yote: hana haja ya kufunguliwa wala kuguswa. Amekulia kwenye maji yenye kichocho na ana dalili, apewe dawa. Heshima yake inabaki ilivyo.

Hapo ndipo nawasikia watu wa stara: haya ni mambo ya faragha, hayaandikwi gazetini. Jamani, tusidanganyane. Msichana wa Kipemba hajavunja ungo ila ameshasomeshwa kwenye chuo cha Kurani hedhi, nifasi ya baada ya uzazi, na istihadha, ile damu ya nje ya siku zake. Anajua damu ya rangi gani inazuia sala na ipi haizuii, anajua kuhesabu siku, anajua lini akoge na lini atie udhu kwa kila sala. Maalimu wetu hawakuona haya kuifundisha damu ya mwanamke kwa utondoti ambao hata kliniki zetu hazina. Mwanamke anayehesabu istihadha miezi sita mfululizo ameshajua kwamba ana ugonjwa, na dini imeshamwambia kuwa hiyo si damu ya kawaida. Anayeona haya ni nani, basi? Ni mwanamume mwenye kalamu ya bajeti.

Ninachokitaka si mradi mpya. Miradi tumekula, na kila mmoja huondoka na kompyuta zake. Nataka kanuni ya kudumu ya Wizara ya Afya Zanzibar, itiwe saini na ibandikwe ukutani: mjamzito wa Pemba anayeishi au aliyekulia penye kichocho apewe dawa hiyo baada ya mwezi wa tatu, kliniki, kama anavyopewa madini ya chuma. Mwanamke mwenye ute na damu asiambiwe zinaa kabla hajaulizwa maji. Wakunga wa hospitali ya Abdalla Mzee, ya Wete, ya Chake Chake na ya Micheweni waonyeshwe picha, kisha wao wawaonyeshe wa vituo vidogo. Kitengo cha ukimwi na kitengo cha kichocho vipange siku moja ya kazi pamoja kila mwezi. Kama magari mawili ni mengi, wapande moja. Wanawake wenye VVU wanaokuja kuchukua dawa watazamwe shingo ya kizazi kwa macho yanayojua saratani na kichocho pia.

Na ripoti ya mwaka ya kichocho, ile inayotangazwa kwa hotuba na picha za watoto wakitabasamu na vikombe vya maji mkononi, ije na safu mpya: wajawazito wangapi wametibiwa, wilaya kwa wilaya, Micheweni ya kwanza. Safu hiyo ikitoka sifuri, waandishi tupo, na Baraza la Wawakilishi lina kipindi cha maswali.